Kwa nini kwetu Kusini "chuo kikuu" ni Mlimani tu? Nina siku nne za kuamua

#1 Mnewala77
Wakuu, habari za humu. Wakubwa shikamooni.

Binti yangu wa pili kamaliza kidato cha sita, PCB. Fizikia D, Kemia B, Baiolojia B. Aliomba udaktari Muhimbili akakosa, waombaji ni wengi na nafasi chache. Lakini kachaguliwa sehemu tatu: Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (sayansi na ualimu), Chuo Kikuu cha Dodoma (uuguzi) na Chuo Kikuu Ardhi, Dar (sayansi ya mazingira). Inabidi athibitishe kimoja. Namba ya siri imeshaingia kwenye simu yake na dirisha linafungwa baada ya siku nne.

Mwenyewe anautaka uuguzi. Jumapili ukoo ulikaa hapa nyumbani: wajomba zake watatu, shangazi yake, na mama yangu mzazi. Wote kauli moja, Mlimani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza anakwenda kusomea nini. Mjomba wake mkubwa, ambaye kwa mila zetu neno lake juu ya mtoto lina uzito kuliko langu mimi baba, akasema: "Mtoto akiipata Mlimani halafu akaiacha, watu watajua kafeli." Mama akaingia chumbani, akatoka na noti ya mia tano, ile ya karatasi, akaigeuza nyuma akanionyesha jengo. "Chuo si hiki hapa?"

Nilikosa la kumjibu. Mimi niliishia kidato cha nne, vyuo vyote naviona kwa mbali.

Nauliza watu wa Mtwara na Lindi, hasa mliosoma: hii imani tumeitoa wapi? Ina ukweli ndani yake au ni mazoea? Naomba kuwasilisha.

#2 RangiTatu
Mkuu, mpeleke Mlimani, usijizungushe. Niko Mbagala, Dar, mwaka wa kumi na tisa, nachonga vitanda. Ukishuka Rangi Tatu na basi la kwetu ukaita "mtu wa Newala!" wanageuka kumi. Mtoto akiumwa usiku anapiga simu, kabla hakujakucha tuko naye. Dodoma ana nani?

Halafu tazama waliopita pale. Kikwete kasoma pale, Magufuli kasoma pale, Mkapa wetu wa Lupaso kasoma pale. Hayo siyo mazoea.

#3 Mstaafu_Masasi
RangiTatu mwanangu, kwa Kikwete uko sahihi (uchumi, 1975) na kwa Magufuli pia. Kwa Mkapa umekosea. Mzee Mkapa alisoma Makerere, Kiingereza, akamaliza 1962. Na asingeweza kusoma Mlimani hata angetaka, maana alipoanza masomo Uganda chuo chetu kilikuwa hakijazaliwa.

Mnewala77, swali lako ni zuri na linanigusa, nimefundisha sekondari za mkoa huu miaka thelathini na mbili. Sikiliza. Chuo kile kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na ushei kabla ya Uhuru. Kilianza bila mlima. Kilianzia kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na kilifundisha sheria peke yake kwa wanafunzi 14. Mmoja wao alikuwa Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Mlimani kilihamia 1964. Kuanzia 1963 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, hadi 1 Julai 1970 kilipojitegemea.

Na hapa ndipo jibu lako lilipo. Kuanzia 1970 hadi 1984, Sokoine ilipozaliwa Morogoro, nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu KIMOJA. Miaka kumi na minne. Mtu akisema "fulani yuko chuo kikuu" hukuwa na haja ya kuuliza kipi. Mjomba mkubwa wa binti yako alikulia katika miaka hiyo. Kwake "chuo kikuu" na "Mlimani" ni neno moja.

#4 Mnewala77
Ahsante sana mwalimu. Nimemsomea mke wangu kwa sauti.

#5 Sista_Mitwero
Naomba na mimi niingie, maana nimeyaishi haya. Ni muuguzi hapa mkoani Lindi, nimesoma uuguzi Dodoma miaka minne. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kwenda chuo kikuu, na niliposema Dodoma baba yangu mdogo aliniuliza kama ni chuo cha kulipia kwa waliokosa. Nilimweleza kwamba ni cha serikali, kimeanzishwa 2007, na mkuu wa chuo wa kwanza ni Mzee Mkapa. Jina la Mkapa ndilo lililomnyamazisha.

Kaka Mnewala77, nakueleza kilivyo. Kwanza ni kikubwa, kilisanifiwa kwa wanafunzi 40,000. Koleji moja na nyingine ni mwendo wa kutoka jasho, na katikati ni nyika yenye upepo. Mwezi wa sita na wa saba mtoto wa Newala atavumilia baridi, nyanda za juu kazizoea, ila vumbi la kule ni jingine: unafua shati jeupe, ukilianua lina rangi ya chai. Lakini hospitali ya Benjamin Mkapa iko palepale chuoni. Unatoka darasani unaingia wodini. Mara ya kwanza nilipomshika mtoto njiti mikono ilinitetemeka, na mkufunzi alikuwa amesimama nyuma yangu kimya, hakuninyang'anya. Mpaka leo nikipokea njiti usiku hapa kazini nayakumbuka yale mafunzo.

Kama moyo wake uko kwenye uuguzi, mwacheni.

#6 Mikindani_Ramani
Mbona Ardhi inapitwa kama mgeni asiyejulikana? Mimi ni zao la pale. Mstaafu, kwa heshima zote, umeeleza umri wa Mlimani ukasahau kwamba Ardhi ni kaka yake. Kilianza 1956 kama shule ya wapimaji. 1974 kikawa Chuo cha Ardhi, 1996 kikaingizwa chini ya Mlimani, 2007 kikawa chuo kikuu kamili.

Na wewe RangiTatu, hoja yako ya ndugu inafika mpaka kwetu. Ardhi na Mlimani tunapakana, nauli ni ileile na daladala ni zilezile.

Sayansi ya mazingira si ya kudharau kwetu huku. Tembea pwani ya Mikindani maji yakitoka uone bahari inavyomega, uone na taka zinavyokaa. Halmashauri zetu zinawahitaji watu hao.

#7 RangiTatu
Nimekubali kusahihishwa kuhusu Mzee Mkapa. Shikamoo mwalimu.

Mikindani_Ramani, nyie wa pwani mkipata mtu wa kumsikiliza hamumwachi. Ila hujanijibu, akiumwa?

#8 Mikindani_Ramani
Akiumwa mtampokea nyie wa Mbagala, nimesema tunapakana!

#9 Mnada_wa_Kwanza
Wote mmezunguka, mmeacha korosho.

Kama wewe ni mkulima wa Tandahimba au Newala, fedha yako ya mwaka inaingia lini? Minada inaanza Oktoba. Umepeleka mzigo chama cha msingi, umepewa stakabadhi, umesubiri mnada, umesubiri malipo yaingie benki. Mwenye bahati anashika pesa mwisho wa Oktoba, wengi ni Novemba kuendelea. Na vyuo vinafunguliwa lini? Oktoba hiyohiyo, au Novemba mwanzoni. Mtoto anatakiwa aripoti na ada, godoro na hela ya kula, wakati korosho za baba yake bado zimeanikwa uwanjani.

Sasa mtoto huyo akienda Dar anafikia kwa mjomba Mbagala, anakula kwa mjomba mpaka mnada ulipe au mpaka bumu (mkopo wa serikali) litoke. Akienda Dodoma siku ya kwanza tu anahitaji fedha taslimu. Wazee wetu walilijua hilo bila kuliandika popote. Wanaposema "Mlimani" wanamaanisha mahali ambapo mtoto hatalala njaa Oktoba. Noti na marais ni nyongeza tu.

#10 Sista_Mitwero
Mnada_wa_Kwanza umenitoa machozi. Ilikuwa hivyohivyo kwangu. Nilipokwenda mwaka wa kwanza mama alinifungashia ndoo ya lita kumi ya korosho zilizobanguliwa, alizibangua mwenyewe kwa mkono, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Nikazikaanga hosteli kwenye jiko la rafiki yangu, nikawa nauza kwa kikombe kidogo cha kahawa. Watu wa bara walikuwa hawajawahi kuzila za nyumbani namna ile, ziliisha ndani ya wiki mbili. Nilizishika hizo hela mpaka mkopo ulipoingia.

Siku hizi Bodi ya Mikopo inatoa 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, ilipanda 2022 kutoka 8,500. Inasaidia, lakini mwanzo wa muhula inaweza kuchelewa kumfikia mtoto. Kaka, akichagua Dodoma mpe korosho.

#11 Kijana_wa_Msimbati
Sina raha na uzi huu ila nitasema. Mimi nilikwenda na upepo. 2013 huku Mtwara kila mtu alikuwa anaongea gesi. Futi za ujazo matrilioni, kiwanda cha kusindika kinakuja Likong'o, Lindi, vijana wa Kusini someni mafuta na gesi mchukue nafasi zenu. Nikaenda chuo kimoja kikubwa Dar kusomea uhandisi wa petroli. Mtaani walinifanyia dua, bibi akachinja jogoo.

Nimemaliza. Kiwanda cha Likong'o mpaka leo ni kiwanja. Bomba limekwenda Dar, linafanya kazi tangu 2015, lakini bomba haliajiri mamia ya wahandisi kila mwaka. Nafundisha fizikia kwa muda kwenye sekondari ya binafsi na jioni nafunga sola kwenye nyumba za watu. Chuo changu kina jina zito mno. Jina halikunisaidia.

Mzee, tazama kazi ambayo mtoto ataifanya kwa mikono yake. Jina la chuo linakaa kwenye cheti, na cheti kinakaa kabatini.

#12 Tandahimba_Chaki
Pole sana Kijana wa Msimbati. Lakini tusidanganyane, hata wauguzi na walimu wako mitaani. Mimi nilisomea ualimu Mlimani, nilikaa miaka mitatu bila ajira. Ila kwenye usaili wa ajira za serikali, na kwenye shule za binafsi nilizojitolea, nilipotaja Mlimani niliona nyuso zinabadilika. Siwezi kusema jina halisaidii wakati mimi lilinisaidia.

Mnewala77, kuhusu malazi: pale kuna mabweni ya Magufuli, yalifunguliwa 2017, yanachukua wanafunzi 3,840. Kuna na hosteli ya Mabibo. Aombe mapema, mwaka wa kwanza hufikiriwa.

#13 Sista_Mitwero
Ni kweli Mwalimu Chaki. Na mimi nilijitolea karibu miaka miwili kabla ya kuajiriwa. Simfichi binti.

#14 Liwale_Ndani
Hivi wale wa mitaani kwetu wanaosema "mtoto aende mjini, makao makuu" wanajua makao makuu yako wapi? Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa 1973, serikali ikaanza kuhama kweli 2016, na sheria ya kuitangaza ikaja 2018. Bunge liko kule, wizara ziko kule. Kama ni chuo cha makao makuu, basi ni cha Dodoma. Hapo utaongeza St. John's, nacho kilianza 2007, na chuo cha Mipango, na tawi la CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara.

#15 RangiTatu
Liwale, wizara zimehama, ndugu zangu hawajahama.

#16 Liwale_Ndani
Watahama! Treni ya umeme inatoka Dar inafika Dodoma kwa saa tatu na nusu hivi, nauli ya kawaida 31,000, tangu 2024. Nyie wa Mbagala mkimkumbuka mtoto mnapanda asubuhi, mchana mko naye.

Na kuna njia nyingine watu wanaisahau: Masasi, Tunduru, Songea, Makambako, Iringa, Dodoma. Lami tupu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, magari ya Dar yalizungukia Songea hukohuko. Siku zile mtoto aliyekuwa Dodoma alikuwa karibu na nyumbani kuliko aliyekuwa Dar.

#17 Nachingwea_Huria
Kimya kingi kuhusu Chuo Kikuu Huria. Makao yake Kinondoni, kimeanza kufundisha miaka ya tisini mwanzoni, na kina vituo Mtwara na Lindi. Nimesomea nyumbani, nimelima ufuta wangu, nimezaa watoto wawili, nimepata shahada. Watu walikuwa wanasema hicho si chuo, ni cha barua. Rais Samia shahada yake ya uzamili aliipata 2015 kwa mpango wa Huria na Southern New Hampshire cha Marekani. Nilipowaambia hivyo wakaanza kuniuliza fomu zinapatikana wapi.

Najua kwa uuguzi hakifai, mtoto lazima aguse wagonjwa. Nimekitaja kwa wengine wanaosoma uzi huu wakiwa na jembe mkononi.

#18 Ngongo_Kilimo
Na Mlimani wenyewe wanatufuata. Wanajenga kampasi hapa Lindi, Ngongo, kwa fedha za mradi wa HEET. Ni mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 425 kwa vyuo vya nchi nzima. Miaka michache ijayo bibi ataonyeshwa Mlimani ya Lindi.

#19 Mstaafu_Masasi
Ngongo, fafanua ili watu wasichanganyikiwe: hiyo ni kampasi ya kilimo. Binti huyu hawezi kuisubiri. Ila kwa korosho na ufuta nimefurahi, kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, wamekuwa wakitafiti mikorosho miaka mingi bila chuo kikuu jirani cha kuwapa vijana.

Nimefikiri tena maneno ya Mnada_wa_Kwanza. Nimesema sababu ni historia, yeye kasema ni kalenda ya korosho. Sina uhakika tena kama mimi ndiye niliyepatia. Nimekumbuka wanafunzi wangu wa miaka ya themanini waliochaguliwa; walikuwa wakija kuniaga swali lao la kwanza lilikuwa "mwalimu, nitafikia kwa nani?"

Lakini Mnada, nijibu na hili: mbona hata wenye fedha, wenye maduka Masasi mjini, wanasema Mlimani vilevile?

#20 Mnada_wa_Kwanza
Mwalimu hapo umenibana. Labda ni ile noti.

#21 Tandahimba_Chaki
Noti mnaichukulia kirahisi. Lile jengo ni Ukumbi wa Nkrumah. Mbele ya noti Karume, nyuma Nkrumah. Fikiria bibi wa Kitangari ambaye hajawahi kuvuka mto Rufiji, ameishika picha ya ukumbi ule kila siku akinunua chumvi. Hakuna chuo kingine nchini kilichoingia jikoni namna hiyo. Mimi niliposimama mbele ya Nkrumah mara ya kwanza nilitoa noti mfukoni nikalinganisha paa lake. Paa lilelile lililojikunja.

Zilianza kuadimika sarafu ilipokuja 2014, na Benki Kuu ikaziondoa rasmi 2025. Mama yako kaitunza yake kwa sababu gani, Mnewala77?

#22 Mnewala77
Wakuu, nimesoma yote, mengine mara mbili. Ahsanteni.

Mwalimu Chaki, nilimuuliza mama. Kasema mdogo wangu marehemu, wa mwisho kuzaliwa, alifaulu kwenda kidato cha tano na alikuwa akimwambia atasoma kwenye jengo lile. Hakufika. Noti ni yake, ilikutwa kwenye daftari. Nilikuwa sijui. Miaka yote hii sikujua.

Kwa hiyo jana usiku sikuwa na nguvu ya kubishana na mama. Nilimwita binti, nikamwambia akae na bibi yake wawili peke yao. Walikaa mpaka taa ikaisha chaji. Leo alfajiri bibi kanambia, "Anasema huko kuna watoto wanaozaliwa kabla ya wakati na wanapona. Nimezaa saba, wawili wangu walikuwa hivyo. Mwache aende." Mjomba mkubwa nimempigia, hajafurahi, ila kasema bibi akishasema yeye hana la kuongeza.

Amethibitisha Dodoma saa nne asubuhi. Niliiona meseji ikirudi.

Mwenye kujua anisaidie: godoro abebe la huku au anunue kule? Na kwa mara ya kwanza apite Dar apande treni, au Songea?

#23 Sista_Mitwero
Hongera kwake, nampenda bure! Godoro anunue kule, mabasi wanatoza mzigo na likinyeshewa njiani halifai tena. Abebe sweta, ndoo, pasi na soksi. Na korosho.

#24 Liwale_Ndani
Apite Songea!

#25 RangiTatu
Msimsikilize Liwale. Apite Dar. Mnewala77, nitumie siku na jina la basi kwenye ujumbe wa faragha. Nitasimama Rangi Tatu mwenyewe nimpokee, atalala kwangu na wanangu wa kike, asubuhi nampeleka stesheni. Mwambie aniletee na mimi kikombe kimoja.